Chungu cha umeme: Kilinipa sifa kwa pweza, kikaniumbua kwa maharage!

KAMA wewe ni kijana wa mjini, umepanga chumba chako, unatoka saa 12 na nusu asubuhi na kurudi giza limeshaingia, basi ugonjwa wako naujua. Unaitwa chipsi mayai. Jumatatu chipsi mayai, Jumanne chipsi kavu, Jumatano unajidai kubadilisha, unakula chipsi kuku. Ikifika tarehe 20 mshiko umekata, na suruali nayo imeanza kubana.

Mimi mwenzio niliugua ugonjwa huo miaka mitatu. Kazini kwangu ni pande za Kivukoni, chumba changu kipo Kariakoo, nyumba ya uani yenye wapangaji watano na mama mwenye nyumba wetu. Uani tuna bomba moja, choo kimoja na mita moja ya LUKU. Hiyo mita ikariri vizuri msomaji wangu, maana itarudi mbele ya safari na kasheshe lake.

Dawa niliyoipata ni chungu cha umeme cha kupika taratibu. Wenye navyo wanakiita slo kuka. Unatia vitu vyako asubuhi, unafunika, unachomeka, unaondoka zako. Ukirudi jioni kimeiva. Ndivyo wanavyosema, na mara nyingi ni kweli. Ila hakuna aliyeniambia kwamba chungu hichohicho kinaweza kukufanya uitwe mchawi katika nyumba unayolipia kodi. Kaa mkao wa kula nikupe yote, ya sifa na ya aibu.

KIFAA CHENYEWE NI KITU GANI?

Usikichanganye na presha kuka ya umeme, ile inayofunga mfuniko kwa nguvu na kupiga mvuke. Huyu ni mpole. Ndani kuna chungu kizito cha udongo wa kauri, nje kuna ganda lenye nyaya za moto zilizozunguka ubavuni, na juu kuna mfuniko wa kioo. Swichi yake kwa kawaida ina hatua tatu: moto mdogo, moto mkubwa, na kuhifadhi joto. Huo moto mkubwa wenyewe usikutishe, ni mdogo ukilinganisha na jiko lolote unalolijua. Chakula kinapanda joto polepole, kinakaa chini kidogo ya kutokota au kinatokota kwa mbali, saa 4 mpaka 8.

Asili yake si ya jana. Mmarekani mmoja wa Chicago, Irving Naxon, alipata hataza ya chungu cha namna hii mwaka 1940. Wazo alilipata kutokana na simulizi za mama yake kuhusu chakula cha Sabato cha Wayahudi kule Lithuania, maharage na nyama vilivyoachwa kwenye tanuri la mwoka mikate usiku kucha, kwa sababu siku ya Sabato haiwashwi moto. Kampuni ya Rival ikamnunua Naxon mwaka 1970, na mwaka uliofuata ikakileta sokoni kwa jina la Crock-Pot. Akina mama wa Marekani waliokuwa wanaanza kutoka kwenda maofisini wakakigombania. Unaona sasa? Tatizo lao la 1971 ndilo letu leo: kazini unatakiwa, na tumbo nalo linadai.

CHA KWANZA HAKIKUMALIZA HATA SAA MOJA

Chungu changu cha kwanza alinitumia shangazi yangu anayeishi Marekani. Kilikuja ndani ya sanduku la nguo na viatu, kimefungwa kwa mataulo, kizuri kama mtoto wa tajiri. Nikaita majirani waje kukiona. Nikatia nyama, vitunguu, karoti, nikachomeka.

Haikupita nusu saa. Harufu ikaanza, si ya nyama bali ya plastiki. Kisha mlio kama wa kuni mbichi, kisha PA! Chungu kikapasuka katikati, mchuzi ukamwagika mezani, na nyumba nzima ikawa giza. Wapangaji wakatoka nje na simu zao za tochi wakidhani transfoma ya mtaa imelipuka. Kumbe ni mimi.

Kosa lilikuwa langu mwenyewe. Umeme wa Marekani ni wa volti 120, wa kwetu ni volti 230. Watu wengi hudhani ukizidisha volti mara mbili moto nao unazidi mara mbili. Hapana bwana. Joto linapanda kwa mraba wa volti. Volti zikikaribia mara mbili, joto linakaribia mara nne. Kile kichungu kilichoumbwa kwa moto wa kubembeleza nilikipa moto wa kufua chuma.

Kwa hiyo wewe mwenye ndugu ughaibuni, kabla hujachomeka chochote, kipindue usome kibandiko cha chini. Kimeandikwa 110 au 120 peke yake? Usikiguse bila transfoma ya kushusha umeme inayolingana na wati zake. Kimeandikwa 220 mpaka 240? Chomeka kwa raha zako. Vilivyotoka Uingereza huwa havina shida hii, na plagi yao ya miguu mitatu ndiyo yetu hiyohiyo.

Cha pili nikanunua mwenyewe Kariakoo, lita tatu na nusu, wati 210. Safari hii nilisoma kibandiko mara mbili, muuzaji akaanza kuniangalia kama nimetumwa na serikali.

PWEZA WA FERI ALIVYONIPA UJIKO

Ukitaka kujua uzuri wa chungu hiki, usianze na kuku wa kizungu. Kuku wa kizungu kwa saa 8 anageuka uji wenye mifupa. Chungu hiki kinataka nyama ngumu, zile ambazo mwenye haraka anazikimbia: kongoro, mkia, shingo, kuku wa kienyeji aliyezeeka. Na pweza.

Sababu yake ni hii. Nyama ngumu imejaa nyuzi za kuunganishia, zile nyeupe zinazovutika kama mpira. Ukizipiga moto mkali kwa muda mfupi zinakaza, unatafuna mpaka taya linauma. Ukizipa joto la kiasi, kuanzia nyuzi 70 hivi za sentigredi, na muda wa kutosha, zinayeyuka taratibu na kuwa ule uteute mtamu unaonata midomoni. Muda ndio unaofanya kazi kuliko ukali wa moto.

Basi Jumamosi moja nikadamka alfajiri nikaenda Feri. Wewe mgeni wa Dar, Feri ndilo soko la samaki la Magogoni, ubavuni mwa kivuko cha kwenda Kigamboni. Ukichelewa utakuta samaki wa mnada wameshapata wenyewe. Madalali wanapiga kelele, maji ya barafu yanatiririka miguuni, nguru na changu wamelala kwenye meza, na kule pembeni pweza wamekunjamana kwenye beseni. Nikamchagua mmoja wa kilo moja na nusu.

“Dada, huyu bado hajapigwa,” muuzaji akaniambia. “Ukampige mwenyewe, usije ukanilaumu.”

Ni kweli, mafundi wa pweza huwapiga chini au kwa rungu ili nyama ilainike. Mimi sikumpiga. Nilimwosha vizuri, nikageuza kichwa nikatoa vya ndani, nikatoa ule mdomo mgumu uliopo katikati ya mikono. Nikatia chunguni vitunguu maji viwili, kitunguu swaumu, tangawizi na pilipili manga. Maji? Kikombe kimoja tu cha chai! Pweza ana maji yake mengi, na chungu hiki hakipotezi mvuke. Chumvi nikaiacha kwanza, maana huyu kiumbe ni wa baharini, ana chumvi yake. Saa 3 asubuhi nikawasha moto mdogo. Saa 9 alasiri nikafunua.

Msomaji wangu, sijasifiwa vile tangu nizaliwe. Uma ulizama wenyewe. Supu ilikuwa nyekundu ya zambarau, nzito, nikaikamulia ndimu mwishoni. Mshikaji mmoja wa chumba cha mbele, anayekula supu ya pweza kila jioni kwa sababu anazozijua yeye na mkewe, alikuja na bakuli mara tatu. Mama mwenye nyumba akasema, “Huyu binti sasa anaweza kuolewa.” Kutoka kwake hiyo ni shahada.

Sifa zikanipanda kichwani. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

USIKU WA MAHARAGE

Nikajiambia, kama pweza ameiva, maharage si mchezo wa kitoto? Maharage mekundu, yale makubwa ya rangi ya damu ya mzee. Nikaloweka usiku, asubuhi nikamwaga maji, nikatia chunguni mabichi na maji mapya, kitunguu, karoti na hoho. Moto mdogo. Nikaenda kazini nikijisikia bomba.

Nikirudi jioni yalikuwa yameiva kwa kuyaangalia. Kwa ndani yalikuwa na ukakasi kidogo, nikasema ah, ndiyo mtindo wa kisasa. Nikatia nazi, nikapika chapati. Kwa ajili ya ule ujiko wa pweza, nikagawa. Bakuli kwa mama mwenye nyumba, bakuli kwa mshikaji na mkewe, bakuli kwa dada wa chumba cha nyuma mwenye mtoto wa miaka sita. Ilikuwa saa 2 usiku.

Saa 4 usiku nilisikia mtu anatapika uani. Nikatoka kumpa pole, nami nikainama palepale. Nyuma yangu mlango wa mama mwenye nyumba ukafunguka kwa kishindo. Choo kimoja, watu saba. Sina haja ya kueleza zaidi, ni ukurasa wa chakula huu.

Kilichonitoa jasho la kweli ni yule mtoto. Alitapika mpaka akawa hana la kutapika, macho yamerudi ndani. Mama yake hakunisemesha. Alimfunga mgongoni, tukatafuta bajaji, tukaenda zahanati. Njiani niliapa kwamba akipona sitagusa tena chungu maishani.

Daktari wa zamu alikuwa kijana mtulivu. Akauliza tumekula nini, saa ngapi, na nani mwingine anaumwa. Nilipotaja maharage mekundu akasita. “Yalipikwa kwenye nini? Yalitokota?”

Nikasema hayakutokota, yamepikwa kwa moto wa taratibu.

“Ndiyo hayo,” akasema, akaanza kumpa mtoto maji ya chumvi na sukari kwa kijiko.

Nisikilize hapa vizuri hata kama mengine yote utayasahau. Maharage mabichi yana sumu ya asili, aina ya protini iitwayo lektini, na maharage mekundu makubwa ndiyo yanaongoza kwa kuwa nayo nyingi. Punje chache tu zisizoiva sawasawa zinatosha kumwangusha mtu mzima. Saa moja mpaka tatu baada ya kula unaanza kichefuchefu, unatapika, kisha tumbo linafunguka. Sumu hiyo inakufa kwa kutokota hasa, nyuzi 100. Joto la chini ya hapo, kama nyuzi 80 za chungu cha taratibu, haliimalizi, na linaweza hata kuifanya iwe kali zaidi kuliko kwenye punje mbichi. Uingereza miaka ya 1970 na 1980 waliripotiwa watu kuugua kwa namna hii, na vyungu hivi vilikuwemo katika lawama. Bibi zetu hawakuijua sumu hii kwa jina, lakini maharage yao yalitokota jikoni mpaka mfuniko ukacheza. Hawakuwa wajinga.

Namshukuru Mungu ugonjwa wenyewe hauna kinyongo. Unakuja haraka na kuondoka haraka. Alfajiri mtoto alikuwa anaomba chai. Sisi wakubwa tulikuwa tumelala kama samaki wa jana, lakini wazima.

MCHAWI WA CHUMBA CHA TATU

Wagonjwa walipona, heshima yangu haikupona. Nilipoamka na kusema “Shikamoo mama”, mama mwenye nyumba alijibu “marahaba” ya kukata na kisu. Nguo zangu kambani zikasogezwa pembeni. Nikipita bombani, mazungumzo yanakatika. Dada wa chumba cha nyuma, rafiki yangu wa kusukana, alifunga mlango. Siku ya tatu nikasikia kwa masikio yangu: “Chakula gani kinapikwa bila mtu, bila moto, mlango umefungwa? Mwanamke anayejiamini anapika hadharani.”

Ukiishi nyumba ya kupanga unajua uzito wa maneno hayo. Kodi nimelipa miezi sita mbele. Niende wapi?

Na juu ya hapo likaja la LUKU. Umeme uliisha tarehe 18 badala ya 25, na vidole vyote vikanielekea. “Lile lichungu lake linawaka kutwa nzima!” Mama mwenye nyumba akaitisha kikao uani. Ama chungu kiondoke, ama niondoke nacho.

HESABU ILIYONIOKOA

Nikaomba jambo moja. Usiku ule wote tuzime kila kitu, friji, feni, televisheni na taa, tubaki na tochi. Tusome mita. Kisha niwashe chungu peke yake kwa saa mbili, tusome tena. Wakakubali, nadhani wengine kwa hamu ya kuniona ninavyoumbuka.

Mita ilisoma 31.6. Tukakaa uani gizani tukipiga soga za kulazimisha. Baada ya saa mbili tukasoma tena: 31.2. Uniti sifuri nukta nne! Mshikaji wa chumba cha mbele akapiga mluzi.

Hesabu yake ni nyepesi. Chungu cha wati 210 kikiwaka saa 8 kinatumia wati-saa 1,680, yaani uniti 1.68, tena hapo nimehesabu kana kwamba hakipumziki kabisa. Wakati ule elfu moja ilikuwa inatupa uniti kama 2.8, kwa hiyo chakula cha siku nzima kilinigharimu kama shilingi 600. Sasa chukua lile jiko la koili la wati 1,500. Uchemshe makongoro kwa saa 3 bila kulipunguza, umekula uniti 4.5. Anayepiga pasi ya wati 1,000 nguo za familia kwa saa mbili kanizidi pia. Ikagundulika kwamba kuna mtu alikuwa na hita ya kuogea anaisahau kwenye ndoo. Jina simtaji, anasoma gazeti hili.

Lakini haki itendeke. Kwa mtu anayehesabu uniti tu, presha kuka ya umeme inakishinda chungu changu. Ina wati kama 1,000 lakini maharage inayamaliza ndani ya saa moja na kitu, na moto wake unajizima na kujiwasha, kwa hiyo inaweza isifike hata uniti moja. Tena inatokota zaidi ya nyuzi 100, sumu ya maharage haina pa kujificha. Siyo ajabu presha kuka ndizo zinazopigiwa debe tangu Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Mei 2024 mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Chungu cha taratibu faida yake ni nyingine: ladha, nyama laini, na kukuacha uende kazini.

NA UMEME UKIKATIKA JE?

Hili ndilo swali la Mtanzania, na nimelilipia. Siku moja nilitia kongoro asubuhi, umeme ukakatika mchana nikiwa kazini, ukarudi jioni kabla sijafika. Nikakuta chungu kinawaka kama kawaida. Dada wa chumba cha nyuma ndiye aliyeniambia umeme ulikuwa umekatika saa nne nzima.

Chakula kinachokaa kati ya nyuzi 5 na 60 kwa muda mrefu ni ukumbi wa dansi wa vijidudu. Ukikipasha moto baadaye vijidudu vinakufa, lakini sumu ambayo baadhi yao wameshaiacha haitoki. Nilimwaga kongoro lile huku machozi yananilenga. Kanuni yangu sasa: siku ambayo sina mtu nyumbani wa kuniambia kama umeme ulikatika, sipiki. Napika usiku nikiwa nimelala palepale, au Jumapili.

VINAVYOKUBALI NA VINAVYOGOMA

Kwa faida yako wewe unayetaka kujaribu, huu ndio mzani wangu baada ya mwaka mzima wa kuchoma na kuchomwa.

Kongoro na mkia: bomba. Saa 8 moto mdogo, tangawizi nyingi, ndimu mwishoni. Asubuhi unaamka na supu kama ya mgahawani.

Maharage: yaloweke usiku, mwaga maji, kisha yatokote jikoni kwa nguvu. Wataalamu wa Uingereza wanasema dakika 10 zinatosha, wa Marekani wanasema 30. Mimi niliyeonja nachagua 30. Ndipo yaingie chunguni. Usiruke hatua hii hata kwa maharage ya njano.

Samaki: usimtese. Changu au kibua anaiva kwa dakika 15. Nilimwacha saa 5, nikakuta miba inaogelea. Ukitaka, pika mchuzi peke yake kutwa, samaki mtie dakika 20 za mwisho.

Tui la nazi: likikaa humo kutwa linakatika, mafuta juu, maji chini. Tia tui zito mwishoni, nusu saa ya mwisho.

Pilau: sahau. Nilipata uji wenye bizari. Wali una raisikuka yake.

Ugali: umeniuliza kweli?

Maji: punguza. Mchuzi uliouzoea jikoni unapunguza maji kwa mvuke, humu hayatoki. Supu yangu ya kwanza ilikuwa kama maji ya kuoshea sahani. Nyama na mboga zifike nusu mpaka robo tatu ya chungu, maji yafunike kidogo tu.

Nyama ya barafu: iyeyushe kwanza, kwenye friji. Ikiingia kama jiwe inakaa muda mrefu mno kwenye uvuguvugu.

Kufunuafunua: acha! Kila ukichungulia unapoteza joto la karibu nusu saa. Umbeya una gharama.

BOKOBOKO LA MAPATANO

Baada ya kikao cha LUKU chungu changu kilibaki, lakini chakula changu bado hakikuliwa na mtu. Mpaka ulipokaribia mwezi wa Ramadhani. Jioni moja mama mwenye nyumba akasimama mlangoni kwangu, bila kuingia.

“Hilo jungu lako,” akasema, “linaweza bokoboko?”

Nikasema sijui, mama. Nifundishe.

Akaketi kwenye stuli na kunisimulia. Alipokuwa msichana, bokoboko lilipikwa usiku kwa moto wa kupalia, makaa kidogo chini, makaa kidogo juu ya mfuniko, na mtu anaamka kuliangalia. Ngano na nyama vinaungana mpaka hujui ipi ni ipi. Waarabu wa Oman wanalo hilohilo kwa jina la harisi, na siku za Idi huifukia nyama shimoni juu ya makaa siku nzima au mbili, wanaiita shuwa. Nikamwambia habari ya Wayahudi na tanuri la mwoka mikate. Akacheka. “Kumbe hamkuvumbua kitu. Mmeongeza waya tu.”

Tukaloweka ngano iliyokobolewa. Saa 3 usiku tukaitia chunguni na nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa, maji, chumvi, mdalasini na iliki. Mama mwenye nyumba alisimamia kila kitu kama refa. Moto mdogo. Alikataa kwenda kulala mpaka nilipomwahidi kwamba sitakifunua.

Alfajiri alikuwa wa kwanza kugonga. Tukalisonga kwa mwiko, yeye upande huu, mimi upande ule, mpaka likawa linavutika. Akamwagia samli ya moto na vitunguu vya kukaanga. Akaonja. Kimya. Akaonja tena, kisha akachota bakuli, akalifunika kwa sahani na kuniamuru: “Mpelekee yule wa chumba cha nyuma. Mwambie limepikwa na mimi.”

Nikagonga. Mlango ukafunguka kidogo, yule mtoto akachungulia chini ya mkono wa mama yake. Nikasema limetoka kwa mama mwenye nyumba.

Dada akaliangalia bakuli, akaniangalia mimi. “Limetokota?” akauliza.

“Halina maharage,” nikamjibu.

Akacheka mpaka akaegemea mlango. Kisha akalipokea kwa mikono miwili.

Siku hizi chungu changu kina zamu kama daftari la darasa. Jumatano cha mshikaji wa chumba cha mbele, kwa pweza wake. Jumamosi cha mama mwenye nyumba. Mimi natakiwa kuomba. LUKU tunachanga sawa, na mwenye hita ameiuza. Nawe ukiamua kununua chako, soma kibandiko, tokotesha maharage, na kwa heshima ya choo kimoja cha uani, onja mwenyewe kwanza ndipo ugawe. Haya, jikoni kwema!